Kariakoo na Gemu za Konsoli Moja

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, kuanzia Msimbazi hadi Aggrey na Likoma, mashine ya gemu inayoulizwa kuliko nyingine zote ni PlayStation ya kampuni ya Sony, ilhali gemu inayochezwa zaidi katika mashine hiyo jijini Dar es Salaam ni ya mpira wa miguu, ambayo Sony haikuitengeneza, haiimiliki, wala haina uwezo wa kumzuia mtu asiicheze katika mashine ya mpinzani wake. Hali hiyo inakwenda kinyume na maelezo yaliyozoeleka kuhusu biashara hii, kwamba mnunuzi huifuata gemu, na kwamba kampuni yenye gemu zisizopatikana kwingine ndiyo inayouza mashine nyingi. Maelezo hayo yana ukweli wake kwa Tokyo na Los Angeles. Kwa Kariakoo hayatoshi, kwa sababu hapa kilichoamua mashine ipi itawale ni mikono ya mafundi na hesabu za vibanda, na katika miaka ya karibuni imeongezeka sababu nyingine, nayo ni orodha ya nchi ambazo kampuni imekubali kuziuzia.

Konsoli ni kompyuta iliyoundwa kwa kazi moja kubwa, yaani kuchezea gemu kwenye runinga, na tofauti yake na kompyuta ya kawaida ni kwamba aliyeiunda ndiye anayeamua programu ipi iruhusiwe kufanya kazi ndani yake. Kutokana na mamlaka hayo, watengenezaji wa gemu hugawanyika makundi mawili. Watengenezaji wa ndani ni wale ambao studio zao zinamilikiwa na kampuni ileile inayouza konsoli, kama Naughty Dog, ambayo Sony iliinunua mwaka 2001, au Santa Monica Studio, iliyotoa God of War mwaka 2005. Kazi yao ya kwanza ni kumpa mtu sababu ya kununua mashine. Watengenezaji wa nje ni kampuni zinazojitegemea, kama Electronic Arts ya Marekani na Konami ya Japani, ambazo husaini mkataba na mwenye konsoli, humwachia sehemu ya mapato, na hutaka gemu zao zifike kwenye mashine nyingi kadiri inavyowezekana, kwa kuwa zenyewe hazina mashine ya kuuza. Gemu ya konsoli moja huzaliwa ama kwa sababu aliyeitengeneza ni mtu wa ndani, ama kwa sababu mtu wa nje amelipwa au amegharimiwa ili asiipeleke kwingine. Mfano wa aina hii ya pili ni Street Fighter V ya Capcom, iliyotoka mwaka 2016 kwa PlayStation 4 na kompyuta tu, na ambayo haikufika kamwe kwenye Xbox, mashine ya Microsoft. Mpaka kati ya makundi hayo huvukwa pia: studio ya Insomniac ilitengeneza gemu ya Spider-Man ya mwaka 2018 kwa ajili ya Sony ikiwa bado inajitegemea, na mwaka uliofuata Sony ikainunua kwa dola milioni 229.

Mgawanyiko huu haukuwapo tangu mwanzo. Mpaka mwaka 1979 aliyeuza mashine ndiye aliyeuza gemu zake, na hali ilibadilika pale waandishi wa programu wanne walipoondoka kampuni ya Atari, wakiwa na kinyongo kwamba kazi zao zinaingiza mamilioni huku majina yao hayatajwi hata kwenye kasha, wakashiriki kuanzisha Activision, kampuni ya kwanza iliyotengeneza gemu kwa ajili ya mashine ya mtu mwingine. Atari ilikwenda mahakamani, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1982. Mlango ukawa wazi kwa kila mtu, maduka ya Marekani yakajaa gemu mbovu, na mwaka 1983 soko likaanguka. Nintendo ya Japani ilipoingia Marekani mwaka 1985 ilijifunza kutokana na anguko hilo somo kali mno: ndani ya mashine yake iliweka chipu ya kufuli ambayo ilikataa kaseti yoyote isiyoidhinishwa, ikawataka watengenezaji wa nje wasitoe gemu zaidi ya tano kwa mwaka, ikasisitiza kwamba kaseti zote zitatengenezwa na Nintendo yenyewe na kulipiwa mapema, na ikaweka sharti kwamba gemu iliyotolewa kwake isitolewe kwa mashine nyingine kwa miaka miwili. Sharti hilo ndilo mzazi wa mikataba mingi ya sasa.

Afrika Mashariki haikulionja kufuli hilo. Mashine ya awali ya Nintendo iliyouzwa Japani kuanzia mwaka 1983, ambayo huitwa Famicom, haikuwa na chipu ya kufuli, na ndiyo iliyoigwa na viwanda vya Asia vilivyosambaza nakala za bei nafuu katika nchi ambazo Nintendo haikuziona kuwa soko. Nakala hizo zilifika nyumbani kwa watu zikiwa na kaseti moja iliyojaa gemu nyingi, ambamo Super Mario Bros. ya Nintendo yenyewe ilikaa orodha moja na Contra ya Konami na Battle City ya Namco, ile ya vifaru. Kwa kizazi kilichojifunza kushika pedi kwa mashine hizo, suala la nani ametengeneza gemu ipi, na kwa mkataba gani, halikuwa na maana yoyote, kwani kila kitu kilitoka katika kaseti moja. Mazoea hayo yana uzito, kwa kuwa soko lililofuata lilijengwa juu yake.

Sony ilipotoa PlayStation nchini Japani tarehe 3 Desemba 1994 ilikuwa na studio chache za kwake, na ushindi wake ulitokana na watu wa nje. Diski ya CD ilikuwa rahisi kuitengeneza na ilibeba data nyingi kuliko kaseti, na kwa sababu hiyo kampuni ya Square, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mshirika mkubwa wa Nintendo, ilihamishia Final Fantasy VII kwenye PlayStation, ikatoka Januari 1997 na kubadilisha mizani ya soko zima. PlayStation 2 ilifuata Machi 2000 ikitumia DVD, na hatimaye ikauzwa zaidi ya mashine milioni 155, idadi ambayo hakuna konsoli nyingine ya zama zake iliyoikaribia. Mfululizo wa Grand Theft Auto ulichangia sana ushindi huo, na wenyewe haukuwa wa Sony. Ulikuwa wa Rockstar na mchapishaji wake Take-Two. Hata hivyo San Andreas ilipotoka Oktoba 2004 ilipatikana kwenye PlayStation 2 pekee, na wenye Xbox na kompyuta walisubiri hadi Juni 2005. Kwa mchezaji wa Dar es Salaam miezi hiyo minane haikuwa kitu, kwa kuwa gemu ilimfikia ikiwa nakala ya DVD, na mashine iliyoweza kuisoma nakala hiyo, na ambayo fundi wake alikuwa karibu, ilikuwa PlayStation 2.

Hapo ndipo kibanda cha gemu kinapoingia katika maelezo haya, na kinastahili kutazamwa kwa karibu kuliko kawaida, kwa sababu waandishi wanaochambua biashara hii huwa wanamfikiria mteja aliye peke yake sebuleni. Kibanda huwa ni chumba kimoja cha uchochoroni au fremu ya duka, chenye runinga mbili au tatu, benchi, mashine zilizofungiwa ndani ya kisanduku cha mbao au nondo zisibebwe, na pedi ambazo waya zake zimeshafungwa gundi ya umeme mara kadhaa. Mteja hulipia mechi au muda, na kanuni inayotawala ni kwamba anayefungwa anampisha anayesubiri. Mwenye kibanda anauza dakika, na gemu inayomfaa ni ile inayochezwa na wawili kwa wakati mmoja, inayomalizika haraka, inayoeleweka bila kusoma Kiingereza, na inayompa aliyeshindwa hamu ya kurudi na sarafu nyingine. Mpira unatimiza masharti hayo yote. Ugomvi wa mkono kwa mkono, kama Tekken au Mortal Kombat, unayatimiza pia, na mbio za magari zinakaribia.

Ukizipima kwa kipimo hicho, gemu maarufu za watengenezaji wa ndani zinashindwa karibu zote. The Last of Us ya mwaka 2013 na God of War ya mwaka 2018 ni hadithi ndefu za mchezaji mmoja, zinazodai saa nyingi na sehemu ya kuhifadhia ulipofikia, zenye mazungumzo ya Kiingereza ambayo usipoyafuata unapoteza nusu ya utamu. Ni kazi za sanaa za hali ya juu, na atakayezicheza nyumbani kwake atafaidi, lakini hakuna mwenye kibanda anayeweza kulipa kodi ya fremu kwa gemu inayomkalisha kijana mmoja jioni nzima huku wenzake wakisubiri. Kwa hiyo kitu ambacho Sony imekigharimia kuliko vyote, ili kiivute dunia kwenye mashine yake, hakikuwa ndicho kilichowavuta wateja wa vibanda. Waliovuta ni Konami kwa Winning Eleven na Pro Evolution Soccer, kisha Electronic Arts kwa FIFA, ambayo tangu mwaka 2023 inaitwa EA Sports FC. Mbwana Samatta alipojiunga na Aston Villa Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, kijana wa Mbagala au Ilala aliweza kumchagua katika kikosi na kufunga kwa mguu wake, na hilo lilitokana na leseni ambazo mtengenezaji wa nje amezilipia kwa ligi na klabu. Mwenye konsoli hakuhusika nalo.

Lipo jambo jingine ambalo wachambuzi hawalitilii mkazo wa kutosha. Mtengenezaji wa ndani hana budi kuwahamishia wateja wake kwenye mashine mpya, kwa kuwa ndiyo anayoiuza, na kwa sababu hiyo huiacha ya zamani mapema. Mtengenezaji wa nje hufuata walipo watu. PlayStation 3 ilitoka mwaka 2006, lakini Electronic Arts na Konami waliendelea kutoa gemu za mpira kwa PlayStation 2 hadi FIFA 14 na PES 2014, yaani hadi mwaka 2013, ambapo Sony yenyewe ilikuwa imeshasimamisha uzalishaji wa mashine hiyo. PlayStation 3 nayo ilipata FIFA hadi toleo la 19, miaka mitano baada ya PlayStation 4 kuingia sokoni. Kwa upande wa pili, Spider-Man 2 ya Oktoba 2023 ilitoka kwa PlayStation 5 tu. Kariakoo ni soko linalokwenda kizazi kimoja au viwili nyuma, ambamo mashine iliyotumika Ulaya, Marekani au Dubai huuzwa upya na kuishi maisha ya pili marefu kuliko ya kwanza, na bila uvumilivu huo wa watu wa nje maelfu ya mashine hizo zingebaki bila gemu mpya ya kuchezwa.

Kama gemu zinazopendwa zilipatikana pia kwenye Xbox, ambayo Microsoft iliitoa Novemba 2001 ikiwa na Halo ya studio yake ya Bungie, kwa nini Kariakoo ikaegemea upande mmoja? Jibu liko kwenye meza ya fundi. PlayStation 2 iliweza kuwekewa chipu iliyoiwezesha kusoma diski za kunakili, na ujuzi huo ukasambaa kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine pamoja na ujuzi wa kubadili lenzi iliyochoka, kufungua pedi ambayo stiki yake imelegea hadi mchezaji anakimbia mwenyewe uwanjani, na kuepusha janga la mashine ya Marekani ya volti 120, ambayo ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230 bila transfoma huungua siku hiyohiyo. Pale ambapo mafundi ni wengi spea huletwa, spea zikiwapo mashine mbovu inafaa kununuliwa, na mwenye kibanda anayetaka kuongeza mashine ya nne hatathubutu kuchukua ya aina ambayo hakuna wa kuitengeneza. Kariakoo ilijitengenezea ukonsoli-mmoja wake yenyewe, bila mkataba wala tangazo, na Sony haikulipa hata senti.

Ukweli wa upande wa pili lazima usemwe bila kupunguzwa. Diski za kunakili zilikuwa na bado ni uvunjaji wa sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki, ofisi ya COSOTA imepewa jukumu la kusimamia haki hizo, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mtengenezaji aliyeibiwa nakala ni mfanyakazi aliyenyimwa ujira, na katika biashara ambayo kampuni ndogo hufa kwa gemu moja isiyouzwa, hasara hiyo ina uso wa mtu. Pamoja na hayo, sheria hukaa vizuri pale ambapo mlango halali upo, na kwa mnunuzi wa Kariakoo mlango huo kwa muda mrefu haukujengwa.

Jambo hilo lilionekana wazi zaidi gemu zilipoanza kuuzwa kwa intaneti. Ili kununua gemu kwenye duka la mtandaoni la PlayStation, mtu hufungua akaunti na kuchagua nchi yake kutoka kwenye orodha, na Tanzania haimo. Kusini mwa Sahara imo Afrika Kusini peke yake. Mtanzania anayetaka kununua kwa fedha halali huandika kwamba anaishi Afrika Kusini, Marekani au Falme za Kiarabu, kisha hununua dukani kadi yenye namba za siri za nchi hiyo, kwa sababu malipo ya simu kama M-Pesa, ambayo Watanzania wameyatumia tangu mwaka 2008, hayapokelewi huko. Kwa kufanya hivyo anavunja masharti ya huduma yanayomtaka atoe taarifa za kweli, na akaunti yake ikifungiwa hana pa kulalamika. Hali inakuwa ya kusikitisha zaidi ukikumbuka kwamba Oman imo kwenye orodha, kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili aliyeko Muscat anaweza kununua kwa jina lake na anwani yake, huku ndugu yake aliyeko Unguja au Gerezani akilazimika kujifanya mkazi wa nchi nyingine.

Mwezi Mei 2024 dunia nzima ililiona tatizo hili kwa siku chache. Helldivers 2, iliyotengenezwa na studio ya nje ya Arrowhead ya Sweden na kuchapishwa na Sony, ilikuwa imeuzwa kwa watumiaji wa kompyuta katika nchi nyingi tangu Februari, na Sony ikatangaza kwamba kila mchezaji lazima aiunganishe na akaunti ya PlayStation. Nchi zaidi ya 170 hazikuwa na njia halali ya kufungua akaunti hiyo, gemu ikaondolewa sokoni katika nchi hizo, wachezaji wakapinga kwa nguvu, na Sony ikaliondoa sharti lenyewe baada ya siku tatu. Ushindi huo ulikuwa wa sharti moja la gemu moja. Orodha ya nchi haikuguswa, na mjadala ulipotulia waliobaki nje walikuwa walewale.

Kwa Waswahili suala hili lina uchungu wa pekee, kwa sababu lugha yao imeshaingia ndani ya gemu hizi, na imeingia kupitia kazi za watengenezaji wa nje. Mwaka 2005 Civilization IV ya studio ya Firaxis ilifunguliwa kwa wimbo Baba Yetu wa Christopher Tin, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa utunzi wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Mwaka 2009 Capcom ilitoa Resident Evil 5, ambayo mandhari yake ni eneo la kubuni la Afrika Magharibi lakini maadui wake, walioitwa Majini, wanapiga kelele kwa Kiswahili. Mamilioni ya watu duniani walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kikitoka katika vinywa vya watu waliogeuzwa wanyama, wa kupigwa risasi. Haikuwa heshima, na haifai kuhesabiwa kuwa ni hatua.

Hatua ilikuja tarehe 23 Aprili 2024, ilipotoka Tales of Kenzera: Zau. Mwasisi wa Surgent Studios iliyoitengeneza ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyekuwa maarufu kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins. Aliiandika gemu hiyo kutokana na majonzi ya kufiwa na baba yake: kijana mganga aitwaye Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba, na safari nzima imejengwa juu ya simulizi za Wabantu. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mchezaji anaweza kuchagua kusikiliza mazungumzo kwa Kiswahili. Mchapishaji wake alikuwa Electronic Arts, mtu wa nje, na kwa sababu hiyo ilitoka kwa wakati mmoja kwenye PlayStation 5, Xbox, Nintendo Switch na kompyuta. Kama ingekuwa mali ya mwenye konsoli mmoja, wengi wangeikosa kabisa. Siku hiyohiyo iliingizwa katika PlayStation Plus, huduma ya kulipia kwa mwezi inayompa mteja maktaba ya gemu. Ni huduma ambayo Mtanzania hawezi kujiunga nayo kwa nchi yake. Aliye na kompyuta nzuri aliweza kuinunua, lakini mwenye PlayStation 5 hapa Dar es Salaam, ili asikilize lugha yake ya mama ikitamkwa katika gemu, ilimpasa kwanza aseme uongo kuhusu mahali anapoishi. Katika mambo yote yanayohusu biashara hii, hakuna linaloonyesha kwa ukali zaidi jinsi soko la Waswahili lisivyohesabiwa na wenye konsoli hata pale ambapo bidhaa yenyewe ni ya Kiswahili.

Filamu zilipita njia tofauti, na ulinganisho huu unasaidia. Katika mabanda ya video ya Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyefahamika kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, akaeleza, akaongeza na kuchekesha, mpaka filamu ya Hong Kong au ya India ikawa ya mtazamaji wa Temeke. Hakuhitaji ruhusa ya mtambo wowote, kwa kuwa mkanda wa video hauna kufuli linalozuia sauti nyingine isiwekwe juu yake, ingawa hakimiliki ya filamu hizo ilibaki kuwa ya wengine. Gemu ya konsoli haikubali kusimuliwa hivyo. Maneno yake yamefungiwa ndani ya programu iliyosainiwa kwa ufunguo wa kampuni, na mtu asiye na ufunguo hawezi kubadilisha hata sentensi moja ya mazungumzo bila kuivunja mashine kwanza. Hivyo Kiswahili kitaingia kwenye konsoli pale tu ambapo mtengenezaji ameamua, na uamuzi huo hufanywa kwa kutazama orodha ya nchi ambamo gemu inaweza kuuzwa.

Studio ya Dar es Salaam inayotaka kuwa mtengenezaji wa nje inakutana na milango hiyohiyo kutoka upande wa pili. Vifaa vya kutengenezea si kikwazo tena, kwani programu za msingi kama Unreal hutumika bure hadi mapato ya gemu yapite dola milioni moja. Kikwazo ni kukubaliwa na mwenye konsoli, kupata mashine maalumu ya majaribio, na kupita ukaguzi wake. Ndiyo maana wenzetu wa Afrika walianzia kwenye kompyuta na simu: Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion mwaka 2016 kwa kompyuta, na nchini Kenya studio mbalimbali zilichagua simu za mkononi. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, mtengenezaji hulipa dola 100 kwa kila gemu na kuingia, bila kuulizwa anatoka bara gani.

Wakati huohuo kuta za zamani zinabomoka kwa kasi katika nchi tajiri. Microsoft ilitangaza Januari 2022 kuinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, na hofu kubwa ya wasimamizi wa ushindani wa Uingereza na Marekani ilikuwa kwamba Call of Duty itageuzwa kuwa gemu ya konsoli moja. Kabla ununuzi haujakamilika Oktoba 2023, Microsoft ilisaini na Sony mkataba wa miaka kumi wa kuiacha ibaki PlayStation. Kisha Microsoft ikaanza kuzipeleka gemu za studio zake yenyewe kwenye mashine ya mpinzani, Sea of Thieves mwaka 2024 na Forza Horizon 5 Aprili 2025, baada ya hesabu kuonyesha kwamba kutengeneza gemu kumekuwa ghali kiasi cha kutotosheka na wateja wa mashine moja. Sony nayo huleta nyingi za kwake kwenye kompyuta baada ya muda. Kwa mchezaji wa Kariakoo habari hizi ni njema, ila nusu tu. Gemu inaweza kuwa imefunguliwa kwa konsoli zote duniani na bado ikafungwa kwa nchi yake.

Kinachotia wasiwasi zaidi sasa ni diski yenyewe. Maisha yote ya pili ya konsoli Kariakoo yanategemea kitu kinachoshikika, ambacho mtu akikichoka anamuuzia mwingine, mwenye kibanda anakibadilisha na mwenzake wa mtaa wa pili, na duka linakipanga rafuni pamoja na bei iliyoandikwa kwa kalamu. PlayStation 5 ilitoka Novemba 2020 ikiwa na aina moja isiyo na sehemu ya diski, na PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 haina sehemu hiyo kabisa. Anayeitaka huinunua peke yake na kuifunga pembeni, na mara ya kwanza kuitumia lazima mashine iunganishwe na intaneti ili kampuni iitambue. Gemu iliyonunuliwa mtandaoni haiuzwi tena, haikodishwi, haiazimwi kwa jirani, na imefungwa kwenye akaunti ambayo imesajiliwa kwa nchi ya mbali. Mfanyabiashara wa Aggrey anayempa mteja mashine hiyo leo analazimika kumuuzia pia kisoma diski, kadi ya namba za siri ya nchi nyingine, na maelezo ya jinsi ya kufungua akaunti ya nchi hiyo, na mteja akimuuliza iwapo gemu zake zitaendelea kuwa zake akaunti hiyo ikifungwa, jibu la kweli analoweza kumpa ni hapana.